Elimu kwa umma: kimiminika kinachokaribia kuwa kioo hakina mwendo mmoja

Malalamiko yanayofika maabarani kwetu siku hizi yanafanana mno. Mteja ameleta kimiminika kilichopozwa chini ya kiwango chake cha kuganda nacho hakijaganda. Tumempimia mnato, yaani kiasi kimiminika kinavyokataa kutiririka, naye akautumia kukokotoa kasi ya molekuli kusambaa. Baadaye akapima msambao wenyewe kwa njia nyingine, akakuta molekuli zinasambaa karibu mara 100 zaidi ya hesabu yake. Hapo anatuandikia kwamba kipimo chetu ni kibovu.

Kipimo ni kizima. Kilichokosewa ni kuipeleka fomula ya Stokes na Einstein, ile inayokokotoa msambao kutoka kwenye mnato, mahali ambapo haifanyi kazi. Katika kimiminika cha moto fomula hiyo inaaminika. Lakini chukueni ortho-tafenili, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi na kugeuka kioo, yaani kitu kigumu kisicho na fuwele, karibu na nyuzi 27 chini ya sifuri. Katika safari hiyo mnato wake hupanda hadi kufikia takriban paskali-sekunde 1,000,000,000,000, kiwango ambacho kwa makubaliano ndicho mpaka wa kioo. Maji ya kawaida yana 0.001. Muda mrefu kabla ya kufika mpaka huo, molekuli huwa zimeacha kwenda sawa.

Mwaka 2000 Eric Weeks na wenzake walichapisha walichokiona kwa hadubini katika koloidi, yaani chembe za plastiki zenye upana wa mikromita 2 hivi zinazoelea ndani ya kimiminika. Chembe hizo ni kubwa kiasi kwamba kila moja inaweza kufuatiliwa peke yake. Chembe moja inatikisika papo hapo kwa muda mrefu, imezingirwa na majirani pande zote. Ghafla mmoja wa majirani anasogea, nafasi inapatikana, nayo inachomoka. Walioona hivyo waligundua kwamba chembe zinazochomoka hazikutapakaa ovyo: zimekaa makundi makundi, na katika eneo la pili nyingine zimetulia tuli. Uigaji wa kompyuta uliochapishwa mwaka 1998 ulikwisha kuonyesha kwamba chembe zenye mbio huandamana kama watu kwenye foleni, kila moja ikichukua pengo lililoachwa na iliyotangulia.

Kinachonishangaza mpaka leo, baada ya miaka yote ya kazi hii, ni kwamba ukipiga picha moja ya mahali zilipo chembe, macho hayakuonyeshi lipi ni eneo la haraka na lipi la polepole. Yanafanana. Tofauti hudhihirika ukisubiri. Tena maeneo hayo hubadilishana: lililokuwa na kasi hupoa, lililolala huamka. Katika vimiminika vya molekuli, maeneo hayo ni madogo sana. Vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini (NMR) katika plastiki iitwayo polivinaili asetati, nyuzi 10 hivi juu ya joto la kugeuka kioo, vilitoa upana wa nanomita 3 hivi.

Sasa turudi kwenye lalamiko. Tuseme nusu ya chembe hupiga hatua moja kila sekunde 1, na nusu nyingine hatua moja kila sekunde 100. Ukichukua wastani wa muda wa kungoja, utapata sekunde 50.5 kwa hatua. Ukichukua wastani wa kasi, utapata hatua 0.505 kwa sekunde, sawa na kungoja sekunde 2 tu. Chembe ni zile zile. Mnato hufuata zaidi walio polepole, kwa kuwa kimiminika hakitiririki hadi nao wasogee. Msambao hubebwa na wenye mbio. Maswali mawili tofauti yamejibiwa kwa usahihi, na hakuna sababu ya kumtafuta mwongo.

Jambo jingine, kwa kuwa linaulizwa kila wiki: hapana, vioo vya madirisha ya makanisa ya kale havikutiririka kushuka chini. Vilitengenezwa vikiwa na unene usio sawa. Utafiti wa John Mauro na wenzake uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kwamba kioo cha aina hiyo, kwenye joto la kawaida, kingesogea takriban nanomita 1 kwa miaka bilioni moja. Tunaomba swali hili lipumzike.

Kuhusu utaratibu. Kila sampuli iambatane na historia yake ya joto: ilipashwa hadi nyuzi ngapi, ikakaa hapo dakika ngapi, ikapozwa kwa nyuzi ngapi kwa dakika, na imehifadhiwa siku ngapi kwenye joto gani. Ukibadilisha kasi ya kupoza mara 10, joto la kugeuka kioo huhama nyuzi chache, aghalabu 3 hadi 5. Kwa hiyo “ilipozwa polepole” si jibu, andika namba. Sisi huipasha sampuli juu ya joto hilo ili kufuta kumbukumbu yake, yaani athari za historia hiyo ya joto, huiacha itulie, huipoza kwa nyuzi 10 kwa dakika, kisha hupima wakati wa kuipasha tena kwa kasi hiyo hiyo. Anayetaka kumbukumbu isifutwe, kwa mfano anayechunguza dawa isiyo na fuwele iliyokaa ghalani, aseme mapema. Ikishafutwa hairudi.

Fomu isiyo na taarifa hizi hurudishwa pamoja na sampuli, na nafasi kwenye foleni hupotea. Anayehitaji msambao aombe kipimo cha msambao, kwa fomu yake. Hatutaukokotoa kutoka kwenye mnato kwa sampuli yoyote iliyo karibu na joto la kugeuka kioo, hata mteja akiridhia kwa maandishi.