Ziara za siku moja Beijing: piga hesabu kabla hujapanda basi

Ukitoka kituo cha Qianmen, kusini mwa uwanja wa Tiananmen, huchukui muda kabla hujawekewa karatasi mkononi. Ina picha ya Ukuta Mkuu, makaburi ya wafalme wa Ming, chakula cha mchana, basi lenye kiyoyozi na mwongozaji, vyote kwa yuan 100 au pungufu. Wachina wanaiita biashara hii yiri you, ziara ya siku moja. Zipo za halali, na baadhi ni nzuri kweli. Za vishoka nazo zipo miaka mingi, na wengi wanaonaswa ni Wachina wenyewe waliotoka mikoani, kwa hiyo usidhani wamekufuata kwa sababu ya rangi yako. Wanamtafuta mtu mwenye siku moja ya kutembea na asiyejua bei.

Wengi wetu Waafrika tunaofika Beijing tuko hivyo hivyo: mwanafunzi aliyetoka chuo cha mkoani wakati wa likizo, au mfanyabiashara aliyemaliza mzigo Guangzhou au Yiwu akabakiwa na siku mbili kabla ya ndege. Ukijua pesa inatoka wapi na kwenda wapi katika ziara hizi, utazitambua kabla hujatoa hata senti.

Anza na hesabu. Kiingilio cha Badaling, sehemu ya Ukuta inayojulikana kuliko zote, ni yuan 40 kuanzia Aprili hadi Oktoba, na 35 miezi iliyobaki. Basi la umma namba 877 ni yuan 12 taslimu kwenda na 12 kurudi. Chakula cha kawaida weka 30. Hapo umeshafika 94, na hujaingia kaburi hata moja, wala hujamlipa dereva, mwongozaji, mafuta na yule aliyekupa karatasi. Kama safari yote inauzwa 100, kuna mtu mwingine anayejazia, na mtu huyo ni mwenye duka. Basi linampelekea wateja, naye anatoa kamisheni kwa kila kinachonunuliwa. Mwongozaji wa ziara za namna hii mara nyingi hana malipo mengine ya siku, riziki yake yote iko kwenye kamisheni. Ndiyo maana asubuhi anakuwa mcheshi, na ikifika saa nane mchana basi zima halijanunua kitu anaanza kufoka. Mimi ziara ya Ukuta pamoja na kaburi moja ikiwa chini ya yuan 200 siipotezei muda hata wa kuuliza maswali.

Bei peke yake haitoshi, kwa sababu kuna wanaotoza 300 na bado wanakupitisha dukani. Hapo ndipo pasipoti inapokusaidia. Badaling imekuwa ikiuza tiketi kwa jina la mtu na namba ya kitambulisho tangu Juni 2019, na ina kikomo cha watu 65,000 kwa siku. Kasri la Kifalme, ambalo wenyewe wanaliita Gugong, nalo ni hivyo hivyo: tiketi inanunuliwa mapema, hadi siku 7 kabla, kwa namba ya pasipoti. Langoni hawauzi, na Jumatatu hufungwa isipokuwa ikiangukia sikukuu ya kitaifa. Kampuni inayokupeleka kweli lazima ikuombe namba ya pasipoti kabla ya siku ya safari. Anayekuokota barabarani saa mbili asubuhi, akakuahidi Kasri siku hiyo hiyo bila kuuliza jina lako, hana tiketi yako na hatakuwa nayo. Atakachofanya ni kukusimamisha nje ya mfereji wa maji unaolizunguka kasri upige picha, kisha aseme ratiba imetimia.

Naye kwa maandishi anaweza kuwa hajadanganya. Soma ratiba, au mpe Mchina unayemwamini akusomee. Neno 外观, waiguan, maana yake mnaliona jengo kwa nje tu. Neno 自费, zifei, maana yake unalipa mwenyewe mkifika. Na kwenye Ukuta tafuta herufi 水关, Shuiguan. Hiyo ni sehemu nyingine, kilomita chache kabla ya kufika Badaling. Kwenye karatasi huandikwa "Badaling Shuiguan", msomaji akaliona neno la kwanza akaridhika. Shuiguan ni ukuta halisi, wenye mwinuko mkali, ila ni mfupi na siyo ulioulipia. Vivyo hivyo kwa makaburi ya Ming. Yako 13, na yanayotajwa sana ni Changling na Dingling, lile la mfalme Wanli lililofukuliwa kuanzia 1956. Ukiona ratiba imeandika "makaburi ya Ming" bila kutaja kaburi lipi, jihadhari, kuna waliowahi kujikuta kwenye jumba la sanamu za nta za wafalme. Dai jina la kaburi liandikwe.

Halafu kuna saa. Badaling iko kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji, weka saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, foleni ikiwa ya kawaida. Ukutani mtu anahitaji saa mbili na nusu hadi tatu ili apande, apumzike, ashuke. Chakula saa moja, kaburi moja saa moja na nusu. Jumla ni kama saa nane na nusu. Ziara inayoondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku ina saa nne na nusu ambazo hakuna aliyezieleza. Muulize muuzaji moja kwa moja: ukutani tunakaa dakika ngapi? Mwenye ziara ya kweli anajibu palepale. Kishoka anasema "muda wa kutosha".

Madukani wana mbinu zao, na ni vizuri kuzijua hata kama ziara yako ni ya heshima, maana hata kampuni zinazouzia wageni kwa Kiingereza hupenyeza kiwanda cha hariri au chai na kuita "kujifunza utamaduni".

Jedi, lile jiwe la kijani la bangili na vidani, ndilo linalokula watu zaidi. Utaonyeshwa cheti cha maabara, na cheti chenyewe kinaweza kuwa halali. Kinachopotosha ni maana ya herufi. Jedi ya daraja A ni jiwe ambalo halikutiwa kemikali, basi. B limesafishwa kwa asidi na kujazwa gundi, C limetiwa rangi. Jiwe la A linaweza kuwa hafifu kabisa, la bei ya kutupwa, na bado likawa A. Cheti hakisemi chochote kuhusu thamani. Kisha meneja anatokea, anagundua kwamba ametoka mkoa mmoja na mteja au ana jina la ukoo kama lake, anafurahi, anakata bei ya yuan 8,000 hadi 800. Kwa sisi hawezi kudai ukoo, hivyo anadai urafiki na Afrika. Punguzo la namna hiyo likuambie kwamba bei ya kwanza haikuwa bei.

Kwenye chai na dawa za asili angalia kipimo. Jin ni gramu 500, liang ni gramu 50, qian ni gramu 5. Mnunuzi anaambiwa namba, anadhani ni kwa jin, kumbe kibandiko kinasema liang, na akifika kulipa jumla imekuwa mara kumi. Kwa dawa ni hatari zaidi: "daktari" anakushika mapigo ya mkono bure, anakuambia ini lako limechoka, anaandika mizizi, na kabla hujauliza bei imeshasagwa kuwa unga. Ikishasagwa wanasema hairudishiki. Usitoe mkono. Hakuna adabu unayovunja kwa kukataa kupimwa na mtu usiyemjua.

Sasa, kwa Badaling mimi nashauri uende mwenyewe. Si kwa ushujaa, ni kwa sababu ni rahisi. Reli ya kasi ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyofunguliwa Desemba 2019, ina kituo kinachoitwa Badaling Changcheng, kilichochimbwa zaidi ya mita 100 chini ya mlima. Treni zinaondoka stesheni ya Beijing Bei na Qinghe, na kutoka Qinghe ni karibu nusu saa tu. Tiketi unanunua kwa pasipoti kwenye 12306, mfumo rasmi wa reli. Nunua ya kurudi wakati huo huo, kwa kuwa treni za jioni hujaa.

Ukitaka basi, 877 huanzia chini ya mnara wa Deshengmen, karibu na kituo cha Jishuitan cha treni ya chini ya ardhi, njia ya 2. Kati ya kituo na mnara ndipo vishoka wanapojipanga. Wengine huvaa makoti yanayofanana na ya kampuni ya mabasi na kukuambia 877 leo haiendi, au imehamia upande ule. Usisimame kujadiliana. Tembea mpaka uone foleni ndefu ya Wachina wenye watoto na mabegi, na basi lenye namba 877 mbele. Nauli hulipwa ndani ya basi, na ukiwa na kadi ya usafiri ni nusu. Mtu anayechukua pesa ukiwa bado chini si konda.

Mutianyu, sehemu nyingine ya Ukuta, ni nzuri kuliko Badaling kwa mtu asiyependa msongamano, ila njia yake ina mtego wake. Wanaopanda basi la 916 la haraka kutoka Dongzhimen hufika wilaya ya Huairou, na kwenye kituo cha kabla ya kile cha kubadilia basi, mtu mwenye sare huingia akiwaita wageni: "Mutianyu, Mutianyu, shukeni hapa!" Ukishuka, basi linaondoka na unabaki na teksi yake. Kaa kwenye kiti chako mpaka Huairou Beidajie. Hapo ndipo utakapobadili upande basi dogo la Mutianyu.

Kama una wazee, watoto, au siku ni moja tu, kundi lina maana. Basi dai vitu vitatu. Namba ya leseni ya kampuni, ambayo kwa Beijing huanza na L-BJ, na jina la kwenye leseni liwe ndilo jina la anayepokea pesa zako. Mkataba wa maandishi, siyo picha ya tangazo kwenye WeChat, unaotaja sehemu ya Ukuta, kaburi, dakika za kukaa na viingilio vilivyomo. Na sentensi moja ndani yake: hakuna kusimama dukani. Muuzaji akikubali kwa mdomo lakini akakataa kuiandika, umeshapata jibu.

Ukijikuta tayari ndani ya basi baya, usigombane njiani. Kuna walioshushwa mbali na mji kwa kubishana. Ingia dukani pamoja na wenzako, kaa, usinunue, piga picha ya namba ya basi, ya kitambulisho cha mwongozaji na ya duka. Wakikutisha au kukuzuia kutoka, piga 110, namba ya polisi. Ukiachwa eneo la makaburi ya Ming hujapotea: basi la 872 linarudi Deshengmen, na njia ya Changping ya treni ya chini ya ardhi ina kituo cha makaburi hayo.

Na kama ulishanunua, sheria iko upande wako kuliko unavyofikiri. Sheria ya Utalii ya China iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2013, kifungu cha 35, inakataza kampuni kuvuta watu kwa bei ya chini isiyo ya kawaida ili ijilipe kwa kamisheni za madukani. Ikifanya hivyo, una siku 30 baada ya ziara kuidai ikurudishie bidhaa dukani na ikulipe kwanza fedha yako bila kusubiri duka. Anayedaiwa ni kampuni ya ziara, siyo duka, hivyo usikubali kuzungushwa kati ya wawili hao. Piga 12345, simu ya malalamiko ya jiji, inayopokea pia kwa Kiingereza, ukiwa na mkataba, risiti yenye jina la duka na picha zako. Bidhaa usiifungue wala kuikata lebo, na anza kudai kabla hujapanda ndege, kwa sababu bangili iliyokwisha fika Dar au Mombasa ni kazi kubwa kuirudisha ndani ya siku hizo 30.