Majeshi Yaliyovuka Mlangobahari: Ufafanuzi wa Swali Lililolalamikiwa

Tangu matokeo ya shindano la insha ya historia yabandikwe katika kituo chetu hapa Kisumu, tumepokea barua za walimu na wazazi kutoka Kisumu, Siaya, Vihiga hadi Nakuru. Nyingi zinauliza kwa nini mwanafunzi aliyejaza kurasa nne kwa ushujaa wa wanajeshi amepata alama chache kuliko mwenzake aliyeandika kurasa mbili kuhusu upepo, maji na matishari (mashua bapa za kubebea mizigo). Swali lilikuwa moja tu: kwa nini baadhi ya majeshi yaliyokusudia kuvuka mlangobahari na kuvamia nchi ya ng'ambo yalifaulu, na mengine yakashindwa? Naamini walioandika wana nia njema, na ndiyo maana wasimamizi wa kituo wameniruhusu nieleze hadharani yaliyozingatiwa katika usahihishaji, bila kugusa insha ya mwanafunzi yeyote.

Nianze na neno lenyewe. Vitabu kadhaa huyaita maji yaliyo kati ya Uingereza na Ufaransa "Mfereji", na kwetu mfereji ni kitu kilichochimbwa kwa jembe, au bomba la maji uani. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi waliyalinganisha maji hayo na mlango mwembamba wa Mbita, ambao mtu huuvuka kwenda Rusinga akiwa bado anaendelea na mazungumzo yake. Mahali pembamba kabisa, penye mji wa Dover, upana ni kama kilomita 33, na kuelekea magharibi maji hupanuka sana. Isitoshe, kule bahari hujaa na kupwa kwa mita kadhaa mara mbili kwa siku, jambo ambalo ziwa letu halina. Mvuvi wa omena anayetoka na upepo wa nchi kavu usiku na kurudi na upepo wa ziwa mchana ameshaelewa nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), mambo ambayo watu wa pwani hujifunza wakiwa watoto.

Julius Caesar hakuyajua vyema. Mwaka 55 K.K. alivuka kwenda Uingereza na legioni mbili za Kirumi, yaani vikosi vya maelfu ya askari, na meli za askari wake wa farasi zikarudishwa na dhoruba. Mwezi ulipokuwa mpevu, bamvua pamoja na upepo mkali vikaziponda meli zilizokuwa zimetia nanga na zile zilizovutwa ufukweni. Mwaka uliofuata alirudi na legioni tano na vyombo takriban 800, na dhoruba ikavunja vyombo vyake tena. Mara zote mbili aliondoka bila kuitawala nchi. Warumi walirudi kukaa mwaka 43 B.K., katika enzi ya mtawala wao Claudius.

William wa Normandy alingoja upepo wa kusini kwa majuma kadhaa mwaka 1066, hadi ulipovuma mwishoni mwa Septemba. Kungoja huko kulimfaa kuliko alivyoweza kupanga, kwa sababu Mfalme Harold wa Uingereza alikuwa amepanda kaskazini kupigana na Wanorwe, akawashinda Stamford Bridge tarehe 25 Septemba, na siku tatu baadaye William akashuka Pevensey, pwani ya kusini, pasipo mtu wa kumzuia. Vita vya Hastings vilipiganwa tarehe 14 Oktoba. Mwanafunzi aliyeandika kwamba William alishinda kwa sababu Wanormandi walikuwa na farasi hakukosea kuhusu vita vyenyewe, lakini hakujibu swali la kuvuka.

Sasa nifike kwenye lalamiko lililorudiwa kuliko yote. Barua baada ya barua inasisitiza kwamba tangu 1066 hakuna jeshi la kigeni lililovuka na kufaulu Uingereza. Si kweli, na nimechoka kuisoma sentensi hiyo ikiwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mwaka 1688 William wa Orange alivuka kutoka Uholanzi na mamia ya vyombo na maelfu ya askari, akatua Torbay tarehe 5 Novemba kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, na kabla ya mwaka kwisha Mfalme James wa Pili alikuwa amekimbilia Ufaransa. Upepo ule ule wa mashariki uliomsukuma William ndio uliozizuia manowari za James zisitoke kwenye mdomo wa mto Thames. Kwamba wakuu kadhaa wa Uingereza walimwalika hakubadilishi ukweli kwamba jeshi lenye silaha lilivuka maji na utawala ukaanguka.

Kosa la pili linahusu Napoleon. Wengi wameandika kwamba mtawala huyo wa Ufaransa alizuiwa kuivamia Uingereza na vita vya Trafalgar, ambavyo Waingereza walizishinda manowari zake baharini. Tazameni tarehe. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amekusanya jeshi kubwa Boulogne, pwani ya Ufaransa, na kuunda matishari na mashua kwa maelfu. Lakini bila manowari zake kuyatawala maji kwa siku chache, vyombo hivyo vyembamba vingekuwa windo jepesi. Mwishoni mwa Agosti 1805, baada ya msafara wake wa manowari kukosa kufika, alilivunja kambi na kuligeuzia jeshi mashariki dhidi ya Austria. Trafalgar ilipiganwa tarehe 21 Oktoba, siku moja baada ya jeshi la Austria kusalimu amri Ulm. Vita hivyo vilikuwa vikubwa, lakini haviwezi kuwa sababu ya jambo lililotangulia kutendeka.

Wahispania mwaka 1588 walikuwa na shida kama hiyo: meli zao zipatazo 130 zilifika Calais, lakini jeshi la Mtawala wa Parma halikuweza kutoka Flanders kuungana nazo, kwa kuwa vyombo vidogo vya Waholanzi vilikuwa vikilinda maji mafupi. Hitler mwaka 1940 alikusanya matishari ya mtoni, mengi yakihitaji kuvutwa, huku manowari zake kumi za aina ya destroya zikiwa zimekwisha kuzamishwa Narvik, Norwe. Ndege zake ziliposhindwa kuitawala anga, mpango uliahirishwa tarehe 17 Septemba na haukurudiwa. Waliotumia mfano wa Wamongolia nchini Japani mwaka 1274 na 1281 walipewa alama kamili, maana swali halikutaja Ulaya.

Kuhusu rufaa, utaratibu ni huu. Fomu hujazwa na mwalimu wa somo, si mzazi, katika nakala mbili zenye mhuri wa shule. Fomu itaje nambari ya insha na sentensi mahususi inayobishaniwa. Fomu inayosema tu "alama zimepungua" hurudishwa bila kusomwa. Inapaswa kufika ndani ya siku 14 tangu matokeo kubandikwa, na siku huhesabiwa kuanzia kesho yake. Inayochelewa haipokelewi, hata kama barabara ilifungwa na mafuriko, isipokuwa mwalimu mkuu athibitishe kwa barua. Kusahihishwa upya kunaweza kuongeza alama, kuziacha zilivyo au kuzipunguza, na uamuzi huo ni wa mwisho. Insha iliyonakiliwa kutoka intaneti hufutwa, na shule husika haishiriki shindano linalofuata.

Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini tulitoa alama nyingi kwa hali ya hewa katika uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Majeshi ya Muungano, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, yalihitaji mwezi wa kuwaangazia askari wa miavuli usiku, na maji kupwa mara baada ya mapambazuko ili vizuizi vya Wajerumani ufukweni vionekane. Siku zilizofaa zilikuwa tarehe 5, 6 na 7 Juni 1944. Tarehe 5 ilikuwa na dhoruba. Mtabiri wa hali ya hewa James Stagg akamwambia Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi hayo, kwamba kungekuwa na utulivu mfupi, na tarehe 6 askari wapatao 156,000 wakatua kwa bahari na kwa anga. Kama Eisenhower angesubiri maji mengine yanayofaa, angesubiri hadi tarehe 18 hadi 20. Tarehe 19 Juni dhoruba kali iliingia katika maji hayo, ikavuma siku tatu, na kuivunja bandari ya kuelea ambayo Wamarekani walikuwa wameiunga ufukweni Omaha.