Gari halijaendeshwa, lakini limefungwa klampu: kodi ya magari Uingereza

Gari lina miezi miwili halijawashwa. Betri imekufa, vumbi limejaa kiooni, nalo limeegeshwa mbele ya nyumba ya mwenyewe. Asubuhi moja linakutwa na chuma cha njano kimebana gurudumu la mbele na tangazo limebandikwa kiooni. Mwenye gari anakuja juu: "Mbona siliendeshi?" Hoja hiyo haimsaidii kitu. Kifungu cha 29 cha sheria ya kodi na usajili wa magari ya mwaka 1994 kinataja makosa mawili: kutumia gari lisilo na kodi, na kuliweka, kwa mfano kwenye barabara ya umma. Neno "kuliweka" ndilo linalowaponza watu.

Barabara ya umma, kwa maana ya sheria hiyo huko England na Wales, ni ile inayokarabatiwa kwa fedha za umma. Ukingo wa barabara mbele ya mlango wako umo ndani ya maana hiyo, hata kama majirani wote wanajua kwamba hapo ndipo "mahali pako". Ndani ya ua wa nyumba yako klampu haiji. Ila usidhani kila mahali nje ya barabara ni salama: tangu mabadiliko ya mwaka 2008, gari lisilo na kodi wala SORN (taarifa kwamba gari haliko barabarani) linaweza kufungwa hata kwenye maegesho ya wazi, kwa mfano ya maduka.

SORN ni taarifa rasmi unayoitoa DVLA, ofisi ya usajili wa magari iliyoko Swansea, kwamba gari haliko barabarani. Haina malipo. Ukishaitoa, gari lazima likae kwenye ardhi ya binafsi. Kuliacha barabarani likiwa na SORN ni kujichongea zaidi, kwa sababu umeshatamka mwenyewe kwamba halipo hapo.

Wapo wanaodhani gari lisilo na kodi hugunduliwa kwa kuchungulia kioo. Stika ya karatasi ilifutwa tarehe 1 Oktoba 2014. Siku hizi kinachosomwa ni namba ya gari, ama kwa kamera ama kwa kifaa cha mkononi, kisha inalinganishwa na kumbukumbu za DVLA. Kuligeuza gari lielekee ukutani kunaficha upande mmoja tu. Namba iko mbele na nyuma.

Kwa maoni yangu, wanaofungwa klampu bila kukusudia kukwepa kodi huponzwa zaidi na ununuzi wa gari lililotumika. Tangu tarehe ile ile ya 2014, kodi haihami pamoja na gari. Muuzaji akitoa taarifa kwamba ameuza, kodi yake inafutwa na anarudishiwa miezi kamili iliyobaki. Mnunuzi anaanza upya, hata kama ameambiwa "lina kodi mpaka Desemba". SORN nayo haihami. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuondoka na gari, chukua kipande cha mwenye gari mpya kwenye kadi ya gari (V5C), tumia namba yake ya tarakimu 12, na ulipe kodi kwa simu hapo hapo. Kodi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi hata ukinunua tarehe 28, kwa hiyo mwezi huo hulipwa mara mbili, na muuzaji na wewe. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kundi la pili ni la magari ya kodi sifuri. Gari la kihistoria lenye zaidi ya miaka 40, au la mtu mwenye ulemavu aliyepewa msamaha, halidaiwi hata senti, lakini bado lazima liombewe kodi kila mwaka. Usipoomba, kwenye mfumo linaonekana kama gari lolote lisilolipiwa. Magari ya umeme yalikuwa kwenye kundi hili hadi tarehe 1 Aprili 2025, yalipoanza kulipa.

Tatu ni malipo ya kukatwa benki kila mwezi. Salio lisipotosha, DVLA hujaribu tena ndani ya siku 4 za kazi. Ikishindikana mara ya pili, mpango wote unafutwa na gari halina kodi. Mpango huohuo hukwama pia unapofika wakati wa kuhuisha kama MOT, yaani ukaguzi wa mwaka, imekwisha. Barua ya onyo hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye V5C. Ukiwa umehama bila kuibadilisha, hutaisoma, na taarifa ya kwanza utaipata gurudumuni.

Kuna mtego mwingine kwenye SORN yenyewe. Ukitumia namba ya tarakimu 11 ya V5C, inaanza mara moja. Ukitumia ile ya tarakimu 16 iliyo kwenye barua ya kukumbusha kodi, inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Sasa gari limeshafungwa. Soma tangazo uone saa iliyoandikwa, maana hesabu inaanzia hapo. Ndani ya saa 24, kufunguliwa ni pauni 100. Zikipita, gari linaweza kuvutwa hadi yadi, na kulitoa huko ni pauni 200 pamoja na pauni 21 za hifadhi kwa kila siku. Juu ya hayo, lazima uoneshe kwamba umelipa kodi, au uweke dhamana, ambayo kwa gari dogo au pikipiki ni pauni 160. Dhamana hurudishwa ukionesha ndani ya siku 15 kwamba kodi imelipwa, ukichelewa, imekwenda.

Piga hesabu: leo, bila kodi, unatoa 100 na 160, jumla 260. Baada ya siku tano za yadi ni 200, na 105, na 160, jumla 465. Ndiyo maana ushauri wangu ni ulipe kodi mtandaoni kwanza, kisha klampu, ili dhamana isiwepo kabisa. Kikwazo huwa ni MOT: ikiwa imekwisha, mfumo haukubali kodi, na hapo dhamana ndiyo njia iliyobaki.

Pesa za klampu hazifuti madeni mengine. Faini ya kuchelewa ni pauni 80, au 40 ukilipa ndani ya siku 33. DVLA inaweza pia kukutaka umalize nje ya mahakama kwa pauni 30 pamoja na mara moja na nusu ya kodi unayodaiwa. Mahakamani, kiwango cha juu ni pauni 1,000 au mara tano ya kodi, kinachozidi ndicho hutumika. Kukata klampu kwa msumeno ni kosa jingine la peke yake.

Gari lenye kibali halali cha ulemavu kilichooneshwa kiooni halifungwi klampu, ingawa faini zinabaki pale pale. Na kama unahitaji MOT ili uweze kulipa kodi, unaruhusiwa kuendesha bila kodi kwenda na kurudi kwenye miadi uliyokwisha kuiweka. Bima lazima iwepo, na uthibitisho wa miadi uwe nao kwenye simu.