Je, wajua sauti inawezaje kuzuia losheni isikatike?

Mpishi yeyote wa Dar es Salaam anajua tui likikatika linavyokuwa: mafuta yanaelea kivyake, maji yanabaki kivyake. Losheni nayo hukatika hivyohivyo. Februari, joto likiwa limepamba moto, nilifungua chupa niliyoitengeneza mwenyewe nyumbani Tabata kwa mafuta ya nazi. Shingoni nilikuta pete ya mafuta, chini maji mepesi kama ya kuoshea mchele. Blenda niliitumia vizuri tu. Tatizo lilikuwa ukubwa wa matone.

Losheni ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Kwa kuwa mafuta ni mepesi, matone hupanda juu, hukutana na kuungana. Ila tone likipungua upana mara 10, hupanda polepole mara 100. Hesabu hiyo ndiyo siri yote. Blenda ya jikoni kwa kawaida huacha matone ya mikromita kadhaa (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Altrasaundi, yaani sauti ya juu kupita uwezo wa sikio, huyashusha hadi chini ya mikromita 1.

Fimbo ya titani hutumbukizwa kwenye mchanganyiko na kutetema kiasi cha mara 20,000 kwa sekunde, pale ambapo sikio la binadamu huishia kusikia. Kila mtetemo huyavuta maji, kisha huyasukuma. Yakivutwa, viputo vidogo mno huzaliwa; yakisukumwa, viputo hubomoka. Maji hukimbilia kwa nguvu pale palipokuwa na kiputo, na tone la mafuta lililo jirani huraruliwa vipandevipande. Wamarekani Robert Wood na Alfred Loomis walieleza mwaka 1927 jinsi sauti kali ya namna hii inavyochanganya mafuta na maji.

Mama mjamzito asiogope: altrasaundi ya kliniki hutetema mamilioni ya mara kwa sekunde kwa nguvu ndogo, nayo imetengenezwa kwa ajili ya kupiga picha.

Hata hivyo, mashine peke yake haitoshi. Bila emalsifaya, kiambato kinachoshika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili (kama lesithini ya kiini cha yai), matone yaliyoraruliwa huungana tena. Kihifadhi nacho ni lazima, maana bakteria hupenda maji hata matone yawe madogo vipi. Halafu kuna joto. Viputo hupasha mchanganyiko, kwa hiyo chombo huzungushiwa barafu au maji baridi, la sivyo manukato huruka na mafuta huanza kuharibika. Ncha ya fimbo yenyewe hulika taratibu, ikabadilishwa.

Kinachonivutia zaidi ni rangi. Weupe wa losheni unatokana na matone kutawanya mwanga. Yakifika chini ya nanomita 100 hivi (sehemu ya kumi ya mikromita), hayautawanyi tena kwa nguvu ile, na losheni iliyokuwa nyeupe kama tui huanza kupitisha mwanga. Ukiitazama chupa mwanga ukiipiga kwa ubavuni, unaona ubuluu hafifu.