Viza ya India haikufikishi mpakani: zingatia utaratibu wa vibali

Desemba 2024 serikali ya India ilirudisha sharti la kibali maalumu kwa kila mgeni anayetaka kuingia Manipur, Mizoram na Nagaland, majimbo yanayopakana na Myanmar. Sharti hilo lilikuwa limelegezwa tangu mwaka 2011. Ndiyo maana maelekezo mengi yanayozunguka katika vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wetu walioko Pune, Bengaluru na Punjab yamepitwa na wakati. Tunajua wengi hawana nia mbaya. Wanapanga likizo, wanakata tiketi, halafu wanaulizia kibali wakiwa tayari njiani.

Viza na kibali ni vitu viwili. Viza inakuingiza India. Haikufikishi Arunachal Pradesh, wala kaskazini mwa Sikkim, wala Ziwa Pangong kule Ladakh. Utaratibu huu ulianza na amri za mwaka 1958 na 1963, na haukuwekwa kwa ajili ya Waafrika kama tunavyoambiwa kila mara. Mwingereza na Mjapani nao hudaiwa karatasi ileile.

Kuna wanaoomba ILP. Hicho ni kibali cha raia wa India, na asili yake ni kanuni ya wakoloni ya mwaka 1873. Mwanafunzi mwenzako Mhindi akikwambia amekipata kwa simu, kwake ni sahihi. Wewe mgeni unahitaji PAP kwa maeneo ya ulinzi, au RAP kwa maeneo yenye vizuizi. Na ndugu zetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wenye kadi ya OCI (ile ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine), tunarudia tena: kadi hiyo haiondoi sharti la kibali katika maeneo haya, hata kama babu yako alizaliwa huko.

Maombi hupitia ofisi ya usajili wa wageni (FRRO au FRO), mamlaka ya jimbo husika, au wakala wa safari aliyesajiliwa. Kwa sehemu nyingi wanaoomba wawe wawili au zaidi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kibali hutaja maeneo, njia na tarehe, na vyote vitatu vinakufunga: kikitaja Bonde la Nubra, nalo liko Ladakh, peke yake, Pangong haimo. Toa nakala kadhaa, kwa sababu kila kituo cha ukaguzi njiani hubaki na moja. Picha iliyo kwenye simu si nakala, na mara nyingi huko mtandao haupatikani. Ukifika hotelini, mwenyeji wako analazimika kutuma kwa mamlaka taarifa ya kukupokea (iliyozoeleka kwa jina la Fomu C) ndani ya saa 24, kwa hiyo mpe pasipoti na viza bila kubishana.

Sikkim ina nafuu kidogo. Kibali cha kawaida hutolewa hata pale Rangpo, mlango wa jimbo, bila malipo. Lakini Nathu La, kwenye mpaka na China, imefungwa kwa wageni. Dereva akikuahidi kwamba atakupitisha, achana naye.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Uhamiaji na Wageni ya mwaka 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2025 na kuchukua nafasi ya sheria nne, ikiwemo ile ya mwaka 1946. Anayekiuka masharti ya viza au masharti mengine yaliyowekwa chini ya sheria hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 3, kutozwa faini hadi rupia 300,000, au vyote viwili. Anaweza pia kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia tena, na kwa mwanafunzi hiyo ina maana ya kuacha masomo katikati. Simu ya setilaiti bila idhini ni kosa jingine kabisa, lenye sheria yake. Kambi na madaraja usiyapige picha.

Ukikamatwa, omba ubalozi wako ujulishwe. Ubalozi unaweza kukutembelea, kuijulisha familia na kukupa orodha ya mawakili. Hauwezi kukutoa mahabusu, wala kukuombea kibali cha tarehe iliyokwisha kupita. Wanaotaka kusafiri likizo ijayo waanze maombi sasa, kabla ya kulipia gari na hoteli.