Nusu ya kanuni unayo tayari: "kesho yake"

Juzi mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea daftari lenye sentensi hii: "The fisherman said that he will bring the fish tomorrow." Nikamuuliza, mvuvi alisema lini? "Jumatatu, mwalimu." Na leo? "Alhamisi." Basi anayesoma daftari lako ataenda mwaloni Kibirizi Ijumaa kungojea migebuka iliyokwisha liwa tangu Jumanne.

Nafundisha Kiingereza hapa Kigoma, na kosa hili la usemi wa taarifa, yaani kusimulia aliyosema mtu mwingine, nililisahihisha miaka mingi kabla sijajua linakotoka. Si uvivu. Linatoka kwenye Kiswahili safi kabisa.

Sikiliza tunavyosimulia: "Mvuvi alisema ataleta samaki kesho yake." Nafsi imebadilika, "nitaleta" ikawa "ataleta". "Kesho" imekuwa "kesho yake". Lakini wakati wa kitenzi haukuguswa: ile "-ta-" imebaki pale pale, inahesabu siku kuanzia Jumatatu aliposimama mvuvi. Kiingereza nacho hubadili nafsi na siku, kisha hukirudisha nyuma kitenzi pia, kwa kuwa "said" imeshapita na kila kinachoifuata hupimwa kutoka alipo msimulizi. "Will" huwa "would", "is" huwa "was", "have" huwa "had". Ndipo tunapata: "The fisherman said that he would bring the fish the next day."

Siku hizi sianzi na jedwali la nyakati ubaoni. Naanza na "kesho yake". Mwanafunzi akishaona kwamba "the next day" anayo kinywani tangu utotoni, kazi iliyobaki ni ya kitenzi tu.

Kitenzi hakilazimiki kurudi nyuma ikiwa jambo lenyewe bado ni kweli. "Our teacher said that Lake Tanganyika is 1,470 metres deep" ni sahihi. Ziwa halijapungua kina tangu mwalimu aseme.

Kuhusu "say" na "tell", Kiswahili kinatusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi nilichowahi kukishika. Mtoto akiandika "He said me", namuuliza "alinisema" maana yake nini. Darasa zima linajua: alinisengenya, au alinigombeza. Aliyenipa habari "aliniambia". "Said" ni "sema", "told" ni "ambia", na "ambia" haisimami bila mtu aliyeambiwa. Kwa hiyo "He told that" nayo inaanguka.

Maswali yana mtego mmoja: swali likiingia kwenye taarifa huacha kuwa swali. "Do" inatoka, alama ya kuuliza inatoka. "He asked me where I lived." Kama ni swali la ndiyo au hapana, weka "if" au "whether", kama tunavyosema "aliniuliza kama nimekula".

Zoezi ninalolipenda kuliko yote liko Ujiji, mwendo mfupi kutoka darasani. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na kitabuni aliandika kuwa alimsalimu: "Dr. Livingstone, I presume?" Nawaambia wanafunzi waiweke katika usemi wa taarifa. Wengi huandika: "Stanley asked whether the man was Dr. Livingstone." Sarufi ni nzuri, lakini "presume" imepotea, na humo ndimo ilimokuwa adabu yote ya mgeni anayekisia bila kuhoji. "Stanley said that he presumed the man was Dr. Livingstone" inaihifadhi.

Kisha nawaeleza jambo la pili. Alama za kunukuu ni kiapo kwamba haya ndiyo maneno yenyewe, neno kwa neno. Usemi wa taarifa huahidi maana tu. Na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano ule zilichanwa, kwa hiyo hatuna hakika kama alitamka maneno yale hasa. Mwaka huu msichana wa dawati la nyuma alifikiri kidogo, akaandika: "Stanley wrote that he had greeted the man as Dr. Livingstone." Akaweka "wrote", si "said", na "had" mahali pake hasa. Nilimpa alama zote.