Mtoto akipindua bao darasani

Wazazi hapa Amu (Lamu) wakisikia watoto wanacheza bao shuleni huuliza: kwani masomo yamekwisha? Siwalaumu. Bao na dama tumezoea kuziona Mkunguni, mbele ya ngome, zikichezwa na watu wazima waliokwisha maliza shughuli zao. Sisi tunaowashauri walimu kuhusu malezi ya watoto tunaziingiza darasani kwa sababu moja: uamuzi na ustahimilivu havifundishiki kwa kuandikwa ubaoni.

Kwa gredi ya nne kwenda juu, anza na bao la kujifunza. Mashimo ni 32 katika safu nne, kete 64, mbili kila shimo. Bao la Kiswahili lenyewe, lenye nyumba (shimo maalumu) na kunamua (kuingiza kete za akiba moja moja), lisubiri kwanza. Wala huhitaji kununua chochote. Chimbeni mashimo mchangani nyuma ya darasa, mkaokote komwe, zile mbegu ngumu, ziwe kete.

Mtoto huchota kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo la safu yake ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, anazila kete hizo za mpinzani. Ikiangukia shimo tupu, amelala, yaani zamu yake imekwisha. Kwa hiyo lazima ahesabu kabla ya kugusa. Nilikaa siku moja karibu na msichana aliyepeleka mkono, akaurudisha, midomo ikahesabu bila sauti, kisha akachota shimo jingine kabisa. Ule mkono uliorudi ndio tunaoutafuta. Mtoto anayeweza kuurudisha kwenye bao ana pa kuanzia siku rafiki atakapomshawishi watoroke shule.

Wacheze wawili wawili kila upande, wakubaliane kwa kunong'ona kabla ya kucheza. Hapo utamjua mara moja nani husikiliza na nani hunyakua kete.

Kushindwa ndiko kugumu zaidi. Mvulana mmoja alipoona kete zake zinakwisha, alifagia mashimo yote kwa kiganja. Mimi nikamtoa nje. Nilikosea, maana alichojifunza ni kwamba hasira humwondoa mtu mchezoni kabla hajashindwa, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka! Siku hizi nangoja apumue, kisha namwuliza: "Ungerudishiwa zamu yako ya mwisho, ungechota shimo gani?" Wengi huanza kuyachimba upya mashimo wenyewe ili wanionyeshe.

Kwa wadogo, ludo yatosha kuwafunza kungoja zamu, ingawa humo bahati hutawala na la kuamua ni kidogo. Wako wazazi wasiotaka dadu kwa sababu za dini. Waheshimiwe, bao na dama hazina dadu. Keram nayo ni nzuri, ila kwa kelele zake darasa la jirani halitasoma.

Pesa zisiingie kabisa, hata shilingi tano, wala zawadi ya biskuti kwa mshindi. Mchezo wenye dau humfundisha mtoto somo jingine, nalo lina walimu wa kutosha mitaani.

Katika kipindi cha dakika 35, acha tano za mwisho kwa mazungumzo: nani alibadilisha mawazo, na kwa nini? Kisha hesabuni kete kabla ya kengele, zifike 64. Ikipungua moja, tazama kwanza mfukoni mwa aliyeshinda.